Almasi ya Umbo la Yai

Kuchagua ni kazi ngumu kuliko kununua. Mnunuzi hutoa fedha. Mchaguzi hutoa akili, na akili haikopwi dukani. Mpwa wangu, mkulima wa mahindi katika nchi ya juu ya Ufipa, aliniomba nifuatane naye kwa sonara mmoja wa Dar es Salaam kutafuta pete ya uchumba. Alikwisha kuuza ng'ombe wanne. Mchumba wake, mwalimu wa Sumbawanga, alikuwa ametaja sharti moja tu: almasi iwe ya umbo la yai.

Umbo hilo lina fadhila zake. Kwa uzito ule ule, almasi ya yai huonekana kubwa kuliko ya duara, na kidole kinachoivaa huonekana kirefu. Mkato wake wa kisasa hutajwa kuwa kazi ya Lazare Kaplan, mkataji wa Marekani, mwaka 1957. Lakini lina na aibu yake. Katikati ya jiwe hukaa kivuli, kipana pande mbili na chembamba kati, mfano wa tai ya kipepeo. Hapo nuru iliyoingia haimrudii mtazamaji. Kivuli chepesi hulipa jiwe uhai. Kizito hulifanya kama jicho lililoingia utando. Cheti hutaja uzito, rangi na usafi, kivuli hakikitaji. Mwamuzi wake ni jicho.

Sonara alituwekea mawe mawili, bei zake zikikaribiana: moja la nusu karati, yaani sehemu ya kumi ya gramu, la pili la theluthi ya karati.

"Mjomba, hili kubwa ndilo litakaloonekana na watu," alisema mpwa wangu. "Hilo dogo, watasema ng'ombe wanne wamemezwa na punje."

Neno lake lilikuwa zito. Ng'ombe huzaa; almasi haizai, na aiuzaye tena kwa kawaida hupata pungufu ya alichotoa. Nilimwomba ayatazame mlangoni, mbali na taa za duka, akiyageuza polepole. Kubwa lilikufa katikati. Dogo liliwaka toka ncha hata ncha. Alinyamaza kitambo, kisha akachagua dogo.

Hakufanya jambo geni. Mwaka 1947, katika mgodi wa Mwadui ulioanzishwa na John Williamson, ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Ilipokwisha kukatwa zilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe ilitolewa ili iliyobaki ipate nuru. Wahunzi wa zamani wa Ufipa nao walijua hesabu hiyo. Chuma kilichotoka katika ilungu, tanuru lao refu la udongo, hakikufuliwa jembe papo hapo. Kilirudishwa motoni katika tanuru dogo, mavi ya chuma yakatengwa. Kilipungua uzito, kikafaa kazi.

Basi achaguaye kito na asiulize tu kina uzito gani, bali kinarudisha nini katika nuru kinayopewa. Uzito husomwa na mizani kwa siku moja. Nuru itasomwa na mvaaji kila asubuhi ya maisha yake.