Petroli Niliyooshea Breki

Gari la mteja wangu lilikosa breki kwenye mteremko wa Kitonga, na mkosaji ni mimi. Nilimwambia kwamba alikuwa ameuziwa pedi feki. Nilisema uongo, nami nauungama hapa.

Mzee yule aliniletea gari gurudumu la mbele likiwa limejamu. Nilipopiga jeki, tairi lilikataa kuzunguka kwa mkono. Nikafungua kalipa, nikakuta pini zake zimeshikwa na kutu. Mpaka hapo sikukosea. Nilikosea kwenye kuosha: nilisafisha kalipa nzima kwa petroli, pamoja na sili ya pistoni na raba za pini, kisha nikapaka pini grisi ya bearingi. Ndivyo nilivyozoea kuona gereji, wala sikuwahi kuuliza. Kalipa ikateleza vizuri, mzee akalipa, akaenda zake.

Raba za breki zimetengenezwa kukaa na mafuta ya breki. Zikikutana na petroli au grisi ya kawaida, huvimba. Na sili ndiyo huivuta pistoni irudi kidogo dereva anapoachia pedali. Ikiharibika, pedi hubaki zikisugua diski safari nzima, na joto hupanda. Mafuta mapya ya DOT 3 huanza kuchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi; yakishavuta unyevu, hata 140 yanaweza kuchemka. Mvuke ukiingia kwenye mfumo, pedali huzama hadi chini bila kushika kitu.

Mzee alijiokoa kwa gia na breki ya mkono, wajukuu wakiwa ndani. Aliporudi nilikuta raba zimevimba kama mkate uliolowa chai, zimezibana pini. Nilijua. Hata hivyo nikamlaumu muuza vipuri, na mzee akanunua pedi nyingine asizozihitaji.

Nimemfuata nyumbani, nikamweleza yote na kumrudishia fedha zake. Amenisamehe. Lakini hakuwa mteja pekee niliyemfanyia hivyo. Sasa naosha kalipa kwa dawa ya kusafishia breki, nafunga sili na raba mpya, na pini napaka grisi ya silikoni. Kama niliwahi kukufungulia breki kabla ya hapo, tafadhali lilete gari. Raba nitanunua mimi, na kazi sitakutoza.