Bendera ya Nyalikungu

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Nyalikungu, makao makuu ya Wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu. Mpwa wangu wa kidato cha pili akanijia na daftari na kazi ya shule: buni bendera ya mji wako, ueleze maana ya kila alama. "Mjomba, kwani bendera yetu ya sasa ikoje?" Nilifungua kinywa nimjibu kama mwalimu, nikabaini kuwa sina jibu. Mji wetu hauna bendera. Barua za ofisi zetu zina Nembo ya Taifa, mlingoti wa serikali una bendera ya taifa, na vijiwe vya bodaboda vina bendera za vyama. Cha mji wenyewe hakuna.

Wenzetu wa Kenya waliliweka jambo hili katika sheria. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti, kati ya 47, iwe na bendera na nembo yake. Zanzibar nayo inapeperusha bendera yake tangu 2005, ikiwa na bendera ya Muungano katika pembe ya juu. Kwetu bara, mwaka 1972 tulizifuta serikali za mitaa, tukazirejesha kwa sheria za mwaka 1982. Leo Ibara ya 146 ya Katiba inasema kuwa madhumuni ya serikali hizo ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ndugu msomaji uliye mtumishi wa halmashauri unafahamu kuliko mimi ni madaraka kiasi gani yanayofika, na mkurugenzi wako aliteuliwa wapi.

Binti alianza na pamba, nami nikamsifu. Nikamweleza kuwa katika Nembo ya Taifa mmea wa pamba umechorwa miguuni pa mwanamke, na mkarafuu miguuni pa mwanamume. Nikamtajia na Mzee Francis Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyefariki mwaka 2017 akitajwa kuwa miongoni mwa walioichora nembo hiyo. Ngosha, neno la Kisukuma kabisa! Nilijiona nimemaliza somo.

"Kumbe taifa lilishatuchora," akasema, na kalamu ikasimama.

Baba mdogo alikuwa akisuka kamba barazani, akisikiliza kila neno. Amelima pamba tangu ujana wake. "Futa hilo ua," akamwambia. "Pamba ni ya anayeinunua. Chora mizani."

Nilipinga, na ninakiri kuwa nilipinga kwa kiburi cha usomi. Bendera huonwa kwa mbali, tena ikipepea. Inataka rangi chache na umbo ambalo mtoto anaweza kulichora mchangani. Mizani ingefanana na kibao cha duka, au mtu angedhani ni bendera ya mahakama. Baba mdogo hakubishana nami juu ya umbo. Alisimulia msimu mmoja alipopima robota zake nyumbani kwa mizani ya kuazima, akazipeleka kwa mnunuzi, na huko zikapungua kilo ambazo hadi leo anazitaja moja moja. "Jua lilikuwa lilelile, pamba ileile. Zilipungua njiani?"

Hapo nikakumbuka kitu ninachokifundisha kila mwaka bila kukihusisha na baraza letu. Ushirika wa pamba wa Usukuma, uliokua chini ya uongozi wa Paul Bomani hadi kuunda Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, haukuanzia kwenye hotuba za uhuru. Wakulima waliochoka kupunjwa waliweka wapimaji wao wenyewe pembeni ya mizani ya wanunuzi. Walitaka kwanza mtu wao wa kusoma namba. Siasa kubwa ilifuata baadaye, ikitembea katika njia ambayo wapimaji wale walikuwa wameshaifyeka. Wanafunzi wangu hunukuu mwaka na jina la chama. Mizani hawaiandiki, kwa sababu nami sijawahi kuiuliza katika mtihani.

Binti akafuta ua. Sehemu ya chini ya bendera akaipaka nyeusi, udongo wa mbuga unaonata miguuni wakati wa masika. Ya juu akaiacha nyeupe. Nilimuuliza kijani kiko wapi, akanijibu kuwa kijani chetu ni cha miezi michache tu. Katikati akachora mizani ya kuning'iniza, yenye uso wa duara na ndoana chini. Nilipoitazama kutoka mlangoni ilionekana vizuri kuliko nilivyotarajia, ingawa sikumwambia baba mdogo.

Yeye aliishika karatasi karibu na macho kwa muda mrefu.

"Mshale wake uko wapi?"

"Sijauchora bado, babu. Sijui nauweka kwenye ngapi."

Baba mdogo akamrudishia daftari, akavuta kamba yake. "Kawaulize walimu wako," akasema. Kazi ilitakiwa kukabidhiwa Jumatatu. Nilipoondoka Jumapili asubuhi, uso wa mizani ulikuwa bado mtupu.