Mpe Mkeo Simu

"Mpe mkeo simu," mama alisema, nami nikajua nimepitiliza.

Ilikuwa saa tatu usiku hapa Reading, saa tano kwetu Muheza, Tanzania. Mama alikuwa na homa siku ya tatu. Nimekaa jikoni, simu sikioni, kompyuta mezani imefunguliwa kwenye tovuti ya afya ya Kiingereza, nasoma swali moja moja na kulitafsiri. Homa imeanza lini? Unatetemeka? Unatapika? Tulikwenda vizuri hadi tovuti ilipotaka kujua kama akikojoa anasikia kuungua, na kama kuna damu. Nikakohoa kidogo. "Mama, samahani, na haja ndogo je... inakwendaje?" Kimya. Halafu ndiyo ikaja ile amri. Mke wangu akachukua simu, akaketi nayo ngazini, wakanong'onezana kama dakika kumi na mkwewe. Alirudi na majibu yote, pamoja na mawili ambayo tovuti haikuwa imeyauliza.

Kuishi Uingereza kumenipa udaktari ambao sikuusomea. Binamu akiota upele, picha inaletwa kwangu kwa WhatsApp. Shangazi presha ikipanda, naulizwa aishushe kwa kitu gani. Intaneti ninayoisoma mimi wao pia wanayo kiganjani, ila jibu likipitia Ulaya linaonekana limepikwa vizuri zaidi. Nami sikatai. Nikikataa nitaambiwa nimebadilika.

Kazi yenyewe haitafsiriki kirahisi. Tovuti iliuliza: kuanzia sifuri hadi kumi, maumivu ni kiasi gani? Mama akajibu kwamba hajambo, anamshukuru Mungu. Nikaandika saba. Alisema pia ana kichomi ubavuni, na hicho kichomi nilikizungusha kwenye visanduku vyote nisipate kinapoingia.

Nilipomuuliza kama ametumia dawa yoyote, alisema amemaliza mseto, dawa ya malaria. Alinunua dukani siku ya kwanza bila kutoboa kidole, wakati kipimo cha haraka cha malaria hakichukui hata nusu saa. Nilimkasirikia kimoyomoyo. Lakini mama amelea watoto Muheza miaka ambayo homa ya asubuhi iliweza kuwa degedege jioni, na majirani zake wawili walizika. Kwake homa ni malaria hadi ithibitike vinginevyo. Hata neno lenyewe linachanganya, kwani Kiswahili cha mtaani hakitofautishi sana homa na malaria. Ukisema una homa, mtu anakuuliza umekunywa mseto.

Tovuti iliamua kwamba amwone daktari siku hiyohiyo. Hapa Reading hiyo ni sentensi fupi. Kule ni bajaji, ni mtu wa kumsindikiza, ni fedha ya kipimo, na ni mimi kutuma hela usiku ili asubuhi mdogo wangu wa kike asipate kisingizio. Alipopimwa, malaria haikuonekana. Mkojo ulikuwa mchafu, na maambukizi yalikuwa yameanza kupanda kwenye figo. Alipona. Hadi leo anasema kilichomponya ni ule mseto.

Nilicheka sana kisa hicho, nikakisimulia kwenye sherehe mbili tatu. Halafu zamu yangu ikafika.

Nilirudi kutoka Muheza katikati ya Januari. Wiki tatu baadaye homa ikanishika, kichwa, viungo, mgongo. Nikafungua programu moja ya simu, sitaitaja, ile unayobonyeza dalili zako inakupa orodha ya magonjwa. Iliniuliza maswali zaidi ya ishirini, na moja lilihusu kama ngozi yangu imepauka au imegeuka bluu, swali gumu kwa mtu mweusi kama mimi. (Mahali pa kutazama ni midomo, ulimi, viganja na nyayo, tovuti ya NHS, huduma ya afya ya umma ya hapa, siku hizi inasema hivyo.) Haikuuliza nililala wapi mwezi uliopita. Ikahitimisha: virusi, pumzika, kunywa maji, meza panado. Nikaikubali, maana basi zima nililopanda kwenda kazini lilikuwa linakohoa. Kule kila homa ni malaria, huku kila homa ni virusi, na mimi niliyemcheka mama nikalala siku mbili nikisubiri virusi vipite.

Usiku wa tatu nilitetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Mke wangu akapiga 111. Hiyo ndiyo namba ya ushauri wa afya hapa England, bila malipo, saa 24. Ilichukua nafasi ya huduma ya zamani iliyoanza mwaka 1998. Anayepokea mara nyingi si daktari. Ni mhudumu aliyefunzwa kufuata maswali anayoletewa na kompyuta, akianza na yale ya kufa na kupona: anapumua vizuri, ana fahamu, anavuja damu? Mke wangu, ambaye amejifunza kazi hii kule ngazini, hakusubiri. "Amerudi kutoka Tanzania wiki tatu zilizopita," alisema. Tukaelekezwa kitengo cha dharura usiku uleule. Kwenye kioo cha darubini vimelea walikuwepo, tena wa falsiparamu, wale wanaoua.

Mwaka 2022 England, Wales na Ireland ya Kaskazini ziliandikisha wagonjwa 1,369 wa malaria waliotoka nayo safarini. Mwaka 2023 wakawa 2,004. Wengi waliipata Afrika, na wengi wao ni watu kama mimi waliokwenda kuwaona ndugu bila kumeza dawa za kinga. Nani anameza kinga kwenda kwao? Tunadhani mbu wa nyumbani wanatufahamu. Kumbe kinga ya mwili tuliyokua nayo hupungua ukikaa mbali miaka, na mimi nina kumi na minne.

Muuguzi aliponiletea vidonge niliomba nisome boksi. Artemeta na lumefantrini. Mseto. Nilimpigia mama kumwambia, na akauliza jambo moja tu: "Ulilala kwenye chandarua, baba?" Sikulala. Kulikuwa na joto.

Sijazitupa programu hizi. Mashine haina haya, na hilo lina faida yake. Mwaka 2019 kampuni ya Ada ya Ujerumani ilitoa programu yake kwa Kiswahili, ikishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, na nilipoisikia nilifikiria ngazi yetu moja kwa moja: mama anajibu mambo ya haja ndogo mwenyewe, kwa lugha yake, bila mtoto wa kiume upande wa pili. Nikamwekea kwenye simu. Anaitumia akichoka kunisubiri. Lakini anapenda zaidi namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo nayo ni bure, kwa sababu kule kuna mtu, na mtu anaitikia shikamoo.

Wewe unayesoma haya ukiwa Reading, Leicester au Glasgow, ukitoka nyumbani na homa ikakushika, hata kama imepita miezi, usisubiri mashine ikuulize. Waambie ulikotoka kabla hujawaambia panapouma, na omba upimwe malaria siku hiyohiyo. Kiingereza kikikukwama, taja Kiswahili na uombe mkalimani. Hulipi kitu.