Broka Akikuuliza Majina, Jua Anachonunua

Wasee, leo sina kichekesho. Nataka tuongee kuhusu picha za zamani za vita, zile za wakati wa mkoloni, ambazo zimelala kwa masanduku ya mashosho wetu huku watu wengine wakizinunua kwa mnada ng'ambo. Ziuzwe ama zikae?

Najua wengi mtaandika "zikae, huo ni urithi." Ni rahisi kusema hivyo kama hakuna bili ya hospitali mezani. Mimi sipingi kuuza. Ninachotaka ni ujue unauza nini.

Nimepitia katalogi za minada ya Uingereza usiku kadhaa, data ikiisha naongeza. Mambo huenda hivi. Mzigo unapewa namba na makadirio ya bei. Mwenye mali anaweza kuweka bei ya siri ambayo chini yake hauuzwi. Nyundo ikigonga, wenye mnada wanamkata muuzaji komisheni, halafu wanamwongezea mnunuzi ada juu ya bei. Hapo hakuna maajabu, hata Gikomba kila mtu anakula pake.

Cha kushangaza ni kile kinachopandisha bei. Picha iwe halisi ya wakati huo, si nakala ya juzi. Isiwe imekunjwa ama kuliwa na mende. Lakini zaidi ya yote ni maelezo: huyu ni nani, alikuwa kikosi gani, ilipigwa wapi na lini, na imetoka kwa mikono ya nani.

Chukua albamu za wanajeshi Waingereza waliotumwa hapa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Mara nyingine huuzwa pamoja na medali ya mwenyewe, ile ya Africa General Service yenye bamba lililoandikwa "Kenya". Ndani unapata twiga, mechi ya mpira, mahema ya kambi, chupa za bia. Unafungua ukurasa unaofuata, unapata wanaume wamechuchumaa, mikono kichwani, bunduki nyuma yao. Katalogi inataja mwenye albamu kwa jina, cheo na kikosi. Wale waliochuchumaa wanaitwa "washukiwa wa Mau Mau", basi. Na muuzaji akiona itamlipa zaidi, anaichana albamu na kuuza picha moja moja. Hapo hata tarehe iliyokuwa imeandikwa ukurasa wa kwanza inapotea.

Ndio maana picha ya Dedan Kimathi hunifikirisha. Alikamatwa 21 Oktoba 1956, akapigwa picha akiwa amelazwa kwa machela na pingu mikononi, na 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti. Picha ile ilitakiwa kuonyesha kwamba ameshindwa. Leo iko kwa fulana na kwa matatu, na hakuna kijana wa Nairobi anaiangalia akaona mtu aliyeshindwa. Tuliweza kuichukua kwa sababu tulijua jina lake. Wale wa kwa albamu tutawachukua vipi?

Na si Mau Mau peke yao. Ukitoka hapa Dagoretti Corner ufuate Ngong Road kuelekea Karen, utapita makaburi ya Vita vya Pili, nyasi zimekatwa vizuri, mawe yamepangwa na majina yake. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilitoa ripoti mwaka 2021 ikakubali kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa kwa majina yao ama hawakukumbukwa kabisa. Wabeba mizigo wa Carrier Corps, wale waliotuachia jina la Kariokor, wamo humo. Ile sanamu ya watu watatu pale Kenyatta Avenue ni nzuri sana. Lakini hao watatu ni kina nani?

Sasa nije kwetu. Baba ya shosho alikuwa askari wa Keya, yaani KAR. Alipigwa picha studio huko Ceylon mwaka 1943 kabla ya kupelekwa Burma. Zimebaki saba, kwa mkebe wa Kimbo chini ya kitanda. Tano ni zake, mbili ni za wenzake wa kikosi. Mkebe huo uliponea hata ile miaka kuanzia 1954, wakati watu zaidi ya milioni moja walisukumwa kwa nguvu kwenye vijiji vya mkoloni na nyumba zao kuchomwa. Kwa hivyo ukiona familia ya Kiambu haina picha ya miaka hiyo, usidhani hawakujali.

Mwezi jana akaja broka, wale wa redio kuukuu na sarafu za King George. Akasema elfu tatu kwa kila moja. Uncle alitaka kukubali, na sikuona tamaa: shosho ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nikakimbilia kontenti siwezi kusema "mwacheni, nitalipa." Halafu broka akatoa daftari. Huyu ni nani? Namba yake ya jeshi? Huyu mwingine alitoka wapi? Shosho hazioni vizuri tena, lakini ukimwambia "ile yenye kona imekatika" anakutajia mtu, kwao na bibi yake. Jamaa aliandika kurasa mbili, akakunywa na chai.

Hapo ndipo nilishtuka. Elfu tatu ilikuwa bei ya karatasi. Kile ambacho kingeuzwa ng'ambo kilikuwa kwa daftari, na hicho alikuwa anapewa bure.

Uncle na mimi tulibishana mpaka jioni, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza mwenye mkebe. Tulipomuuliza hakufikiria sana. "Za baba yangu uzeni, yeye namjua hata gizani. Hizo mbili si zangu. Zina wenyewe."

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Anayeuza asihukumiwe, lakini afanye kazi kidogo kwanza. Zipige skani mbele na nyuma. Mrekodi mzee akitaja kila mtu, leo, si Krismasi. Andika majina nyuma kwa penseli laini, usitumie kalamu ya wino. Usitenganishe zilizokaa pamoja. Broka akija, bei ya picha iwe moja, na bei ya maelezo iwe ingine, na umwambie hivyo usoni. Na kama bili hazikusukumi, pale Moi Avenue kuna Kenya National Archives, nyumba ileile iliyo na mkusanyiko wa Joseph Murumbi. Ulizia huko kabla ya kuuliza mtu wa daftari.

Zile tano tunatafutia bei ya haki. Zile mbili nitaziposti kesho. Mmoja alikuwa wa Machakos, mwingine wa Kakamega, na majina yao ninayo. Sitayaweka hadharani. Kama babu ya babu yako alienda Burma na Keya, kuja inboksi uniambie aliitwa nani. Jina likilingana, picha ni yako, na sitaki hata shilingi.