Nilivyochumbiwa na kobe kule Changuu

USICHEKE msomaji wangu. Au cheka, lakini polepole, maana yaliyonikuta ni mazito. Mwezi uliopita nilichumbiwa mara mbili ndani ya wiki moja. Wa kwanza ni mzee wa miaka 58 mwenye duka la mabati Kariakoo. Wa pili ni kobe. Na ukinibana sana niseme kweli, aliyeniteka moyo ni huyo wa pili.

Nianze na wa kwanza. Tumwite Mzee wa Mabati, maana jina lake lina heshima mjini na mimi sitaki kesi. Si mtu mbaya. Hanywi, hapayuki, ni mjane, ana nyumba mbili Mbezi na pikapu tatu. Alituma mshenga nyumbani kwetu Magomeni, na shangazi yangu alipomaliza kuzihesabu zile pikapu alikuwa kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mimi nina miaka 24, cheti cha kidato cha nne, na kazi ya kuandika vijisafu kama hiki ambavyo malipo yake shangazi huyaita "hela ya vocha". Nikaomba nipewe muda nifikiri.

"Ufikiri nini?" akasema shangazi. "Jumapili wazee watakuja, utaulizwa mbele za watu, kazi yako ni kuinamisha kichwa tu. Mwanamwali akinyamaza amekubali."

Maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa changu.

Nikaaga naenda Unguja siku tatu kwa shoga yangu niliyesoma naye, anayeuza madira Darajani. Nauli ya boti, naona aibu hata kuandika, ilitoka kwa Mzee wa Mabati mwenyewe. Eti "mtoto akapunge upepo kabla ya shughuli". Jamani, ukarimu wa namna hii ndio unaomtia mtu kitanzi. Kutoka Dar ni kama masaa mawili baharini, na masaa yote mawili mimi nilikuwa nahesabu pikapu.

Shoga yangu aliponisikiliza hakuwa na msaada wowote. "Hilo buzi, mwenzangu. Lichune, uje tufungue duka." Aliponiona machozi yananilengalenga akabadili kibao. "Haya basi, kesho twende Changuu ukatoe mawazo."

Changuu ni kisiwa kidogo kaskazini magharibi mwa Mji Mkongwe, hata kilomita 6 hakifiki. Unashuka ufukweni, unapatana bei na wenye mashua za mashine, unavua viatu, unaingia majini mpaka magotini, unapanda. Nahodha wetu alituuliza kama tunajua kuogelea. Tukasema hatujui. Akacheka, akawasha mashine. Mwendo wa nusu saa hivi, na njiani maji yanabadilika rangi kama mtu anayekunjua kanga za dukani moja moja: bluu nzito, bluu ya mbingu, kijani, halafu ghafla meupe unaona mpaka mchanga wa chini na nyota za bahari zimelala.

Jina linatokana na samaki changu. Wageni wanakiita Kisiwa cha Magereza, na hapo pana kichekesho chake. Mwaka 1893 Mwingereza Lloyd Mathews, aliyekuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Zanzibar, alikinunua kisiwa, na mwaka 1894 ikajengwa jela. Kuta nene za mawe, vyumba, nondo, kila kitu. Wafungwa tu ndio hawakuja. Pakageuzwa karantini ya homa ya manjano, na miezi ambayo karantini haina watu, wakubwa wa mjini walikuja kupumzika. Nilisimama kwenye dirisha moja lenye nondo, bahari inametameta nje, nikamwambia shoga yangu, "Jela haijawahi kupata mfungwa. Labda ilikuwa inanisubiri mimi."

Lakini watu siku hizi hawaendi kwa ajili ya jela. Wanakwenda kwa kobe.

Msomaji, ukisikia kobe usifikirie yule wa hadithi za sungura. Hawa wa Changuu ni kama meza ya kulia chakula iliyoota miguu. Dume lililokomaa linaweza kufika kilo 250. Mababu zao wanne waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Shelisheli, asili yao kisiwa cha Aldabra. Mgongoni wameandikwa namba kwa rangi, ndio umri wao wa kukadiria, na wengine wamepita miaka 100. Unapewa majani, unamlisha mkononi, naye anakula bila haraka, anatafuna kama hakimu anayefikiria hukumu.

Yupo mmoja nilimpenda palepale. Mgongo umepasuka mistari kama matope ya kiangazi, macho yana machozimachozi. Kiongozi wetu, kijana wa Kiunguja mwenye kofia na maneno matamu, akanionyesha. Ukimkuna shingo, kobe anainuka kwa miguu yote minne, ananyoosha shingo juu, anafumba macho. Nikamkuna. Akainuka. "Huyo kesha penda," akasema shoga yangu.

Halafu yule kijana akatueleza jambo ambalo hakulisemea kwa utani. Wale wanne walizaana mpaka mwaka 1955 walikuwa wamefika kama 200. Kisha wizi ukaanza. Waliibwa wauzwe nje kama wanyama wa kufuga, wengine waliliwa. Mwaka 1988 walibaki kama 100. Mwaka 1990, kama 50. Mwaka 1996 walikuwa saba. Saba! Mwaka huohuo wakaletwa watoto 80 kuongeza kizazi, na kati ya hao 40 nao wakayeyuka. Ndipo serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa shirika la dunia la kulinda wanyama, ikajenga uzio, na hali ikaanza kuwa afadhali.

"Mbona ilikuwa rahisi hivyo?" nikauliza.

"Dada, ng'ombe ukimwiba atalia, kuku atapiga kelele. Kobe hana sauti ya kuwaamsha majirani." Akakohoa kidogo. "Isipokuwa dume, tena kwenye ile shughuli ya watu wazima. Hapo utamsikia mpaka ufukweni."

Shoga yangu akacheka mpaka akakaa chini.

Tulikula maandazi tuliyobeba, tukatafuta kivuli nje ya uzio, tukatandika kanga zetu. Jua la Unguja saa nane mchana halina mjadala. Nikalala.

Ndoto ikaanzia sebuleni kwetu Magomeni, ila sakafu ilikuwa mchanga mweupe. Shangazi amevaa dhahabu zake zote. Mlangoni ameingia mshenga, naye ni tausi, mkia umefagia mpaka barazani. (Tausi wapo Changuu, nilikuwa nimewaona asubuhi, kwa hiyo kichwa changu hakikupata taabu.) Nyuma ya tausi, polepole, polepole sana, akaingia bwana harusi.

"Ana nyumba?" shangazi akauliza.

"Anayo, na hajalala nje hata siku moja," tausi akajibu.

"Ya kupanga?"

"Yake. Kazaliwa nayo."

Shangazi akanikonyeza. "Na umri?"

"Sasa ndio anaingia ukubwani."

Mahari ilikuwa mafungu 70 ya mchicha, lakini yalifika 30, mengine bwana harusi kayala njiani. Tausi akaomba radhi, akasema, "Msimlaumu, safari ilikuwa ndefu. Ametoka Changuu kuja kumposa bibi huyu tangu mwaka 1919." Msomaji, nani amewahi kukufuata tangu mwaka 1919? Mimi vijana wa Magomeni wananiambia nao wako njiani, kumbe hawajatoka hata kitandani.

Kisha ukuta ukatikisika, akaingia kiboko, kavaa koti na tai. Kasheshe! Nikajua ndoa imevunjika. Kumbe kaja kuwa shahidi. Huyu nilimtambua. Desemba 2004, baada ya ile tsunami, mtoto wa kiboko aliyeachwa peke yake aliokolewa karibu na Malindi, akapelekwa Haller Park kule Mombasa, wakampa jina la Owen. Akafika tu, akamwendea kobe mzee wa kabila hilihili la Aldabra, aliyekadiriwa miaka 130 na aliyeitwa Mzee, akajilaza ubavuni kwake. Wakawa wanakula pamoja, wanalala pamoja, dunia nzima ikatazama picha zao. Basi Owen akasimama sebuleni kwetu akasema, "Siku niliyopoteza watu wangu wote, ukoo wa huyu bwana ndio ulionipokea. Sina la kuongeza." Akakaa, kochi likavunjika.

Mama yangu akafuta machozi. Hata mimi.

Ndoto haina daraja, tukajikuta ufukweni usiku, mimi na kobe peke yetu. Akanyoosha ile shingo, akaniambia kwa Kiswahili cha mtu mzima wa Unguja, "Bibi, mimi sikutaki uzuri. Macho yangu yenyewe hayaoni mbali. Tulikuwa mia mbili, tumebaki saba. Wakija usiku na mashua, nasikia wenzangu wanainuliwa mmoja mmoja, na mimi sina sauti. Nakutaka wewe kwa sababu una mdomo."

Nilikuwa sijawahi kutongozwa hivyo. Wengine husifu macho, husifu mwendo. Mdomo wangu nyumbani kwetu ni lawama tangu nina miaka mitano.

Sijamjibu, taa ikaonekana baharini. Mashua. Watu wanashuka na magunia, hata haraka hawana. Nikavuta pumzi nipige ukelele, na mkono ukanifunika mdomo kutoka nyuma, mkono wenye bangili nyingi. "Nyamaza," shangazi akaninong'oneza. "Mwanamwali akinyamaza amekubali." Gunia la kwanza likafunguliwa. Nikaung'ata ule mkono.

"MWIZIII!"

Niliamka nimekaa kitako. Shoga yangu analia ameshika kiganja chake, maana ndiye alikuwa akijaribu kunituliza. Wazungu wanne wamekumbatia mabegi yao. Nahodha anakimbia na kasia. Kijana wetu wa kofia anauliza, "Yuko wapi? Kaelekea wapi?" Nilivyoona haya siku ile, ungenipa ile jela ningeingia mwenyewe na kufunga mlango. Na ng'ambo ya uzio, kwa raha zake, yule mzee wangu alikuwa amevuta pindo la kanga yangu, anatafuna. Lile neno lililoandikwa kwenye kanga alishalimaliza.

Jumapili wazee wakaja. Mkeka, ubani, kahawa. Mshenga akauliza swali lake. Mama anautazama mkeka, shangazi kanibana paja. Nikainua kichwa, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chai, "Namheshimu sana Mzee, lakini sitaki kuolewa naye."

Yaliyofuata nayaruka, magazeti hayana nafasi.

Jioni Mzee wa Mabati alinipigia simu mwenyewe. Nilitetemeka, nikamwambia nauli yake nitairudisha. Akakataa. Akakaa kimya kidogo kisha akasema, "Marehemu mke wangu siku ile alinyamaza. Tukaishi miaka 30. Sikuwahi kujua kama alinikubali." Akaniuliza kama bahari ilikuwa shwari, akaniaga.

Shangazi haongei nami mpaka leo. Ila kosa nililofanya ni kumsimulia mama ile ndoto, na mama hana siri. Juzi mtoto wa shangazi alikuja mbio, akaweka mafungu mawili ya mchicha juu ya meza yangu.

"Mama kasema umpelekee mumeo."