Kama ya Viatu

Hapa Kakuma kila mtu ana kama yake. Mama jirani yangu ana ya kwake: kama tungebaki Uganda. Mzee wa bloku yetu: kama ningeuza ng'ombe mapema. Wasichana wa kikundi changu: kama ningezaliwa Norway. Ukisimama kwenye foleni ya maji asubuhi utasikia kama nyingi kuliko madumu. Hata ndugu zetu wa mashirika wanaosoma jarida hili wanazo, ila zao zimevaa suti na zinaitwa tathmini. Nitazifikia.

Mimi nafanya kazi na vijana, siku tatu kwa wiki. Nilimaliza kidato cha nne hapa hapa kambini, na falsafa sikuisoma darasani hata siku moja. Lakini kwenye maktaba yetu kuna sanduku la vitabu vya msaada ambavyo hakuna anayevichagua, na humo nilikuta kitabu kisicho na jalada kinachohusu mambo ya lazima, mambo yanayowezekana, na sababu. Nilikisoma polepole, simu mkononi kama kamusi. Nilikisoma kwa ajili ya kijana mmoja. Ameniruhusu niandike habari yake, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike.

Ana miaka kumi na saba sasa. Alikuwa na saba walipokimbia kijiji chao upande wa Fizi. Walikuwa wameshafika porini, familia nzima, wakati alipoanza kulia. Alikuwa ameacha viatu vyake vya shule, vipya, vyeusi, havijavaliwa hata wiki. Baba yake akamwambia nyamaza, nitavileta. Akarudi nyumbani. Hakutoka tena.

“Yaya,” aliniambia, “kama nisingelilia viatu, papa asingerudi.”

Wote tuliomzunguka tulimjibu jibu moja: si kosa lako. Mshauri alimwambia, mchungaji alimwambia, mama yake anamwambia mpaka leo. Yeye husikiliza kwa heshima, halafu huuliza: “Sawa. Lakini nilichosema ni kweli ama si kweli?”

Hilo ndilo swali lililonipeleka kwenye lile sanduku. Kwa sababu yeye haombi kufarijiwa. Anauliza kama sentensi yake ni kweli, na mtu akiuliza kweli anastahili kujibiwa kweli.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mkali sana juu ya -nge- na -ngali-. Alisema -nge- ni ya jambo ambalo bado mlango wake uko wazi: ningepata nauli ningeenda Lodwar, na nauli huenda ikapatikana kesho. -Ngali- ni ya mlango uliofungwa: ningalipata nauli jana ningalienda, na jana imeshapita. Tena usizichanganye katika sentensi moja, utakatwa maksi. Sisi Wakongomani tulikuwa tunakatwa kila wiki, maana kwetu tunasema -nge- kwa yote, na siku ingine -ngeli-, na tunaelewana vizuri tu. Lakini nimeanza kuona mwalimu alikuwa anagusa kitu kikubwa kuliko mtihani. Kijana wangu anatumia -nge- kwa jambo la -ngali-. Miaka kumi imepita na kwenye mdomo wake mlango bado uko wazi, kana kwamba leo jioni anaweza kunyamaza na baba akabaki.

Mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, aliandika mwaka 1748 maneno ambayo wenzake wanayajadili mpaka leo. Alijaribu kueleza sababu ni nini, na katika maelezo yake akasema, kwa ufupi wangu mimi, kwamba sababu ni kile ambacho kisingekuwepo, na matokeo nayo yasingekuwepo. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Huyu mzungu wa zamani alikuwa upande wa mtoto! Bila kilio hakuna safari ya kurudi, bila safari hakuna kifo.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Halafu nikaanza kuhesabu. Bila fundi aliyeshona vile viatu, baba asingerudi. Bila shangazi aliyetoa pesa za kuvinunua, asingerudi. Kama mvua ingenyesha asubuhi ile na njia kuwa tope, huenda asingerudi. Kama shule ingekuwa haidai viatu vyeusi. Kama asingempenda mtoto wake. Zote ni kweli, au zinakaribia kuwa kweli, na hakuna anayemlaumu fundi wala shangazi. Basi kumbe kusema “bila hiki lisingetokea” ni kusema kitu kidogo sana. Ni kuokota kijiti kimoja kwenye mzigo mzima wa kuni na kusema hiki ndicho kimepika ugali.

Niliongea pia na mama yake, kwa ruhusa ya kijana. Akaniambia jambo ambalo sikulijua: mume wake alikuwa ameacha pia kadi ya kura ndani ya godoro, na kwetu Kongo kadi ya kura ndiyo kitambulisho, bila hiyo kila kizuizi cha barabarani ni matatizo. “Angerudi tu,” alisema. “Alikuwa anaitaja hiyo kadi tangu tunatoka.” Kama ni hivyo, basi hata sentensi yenyewe inayumba. Ondoa viatu, kadi inabaki, na baba anarudi vilevile. Wanafalsafa wanajua shida hii: mambo mawili, kila moja likitosha peke yake, ukiondoa moja matokeo hayabadiliki, sasa utasema sababu ni lipi? Nilimpelekea kijana habari hiyo kwa matumaini. Akatikisa kichwa. “Mama anasema hivyo ili nilale.” Huenda. Sikuwepo, siwezi kubisha.

Acha nipumzike kidogo hapo, niseme habari ya Norway.

Siku moja niliwaambia wasichana wa kikundi kwamba yuko Mmarekani aliyeitwa Saul Kripke, ambaye mwaka 1970 alitoa mihadhara kule Princeton, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba mtu hawezi kuwa ametoka kwa wazazi wengine akabaki kuwa yeye. Yaani ukisema “kama ningezaliwa na wazazi wa Norway”, unamzungumzia msichana mwingine kabisa. Wewe humo haumo. Ghasia! Mmoja alisimama: “Yaani hata kuota wanatunyang'anya?” Lakini mwenzake, ambaye kwa kawaida hasemi, akainua mkono. Akauliza kama Kripke amekataza mahali au amekataza wazazi. Nikasema wazazi. “Basi hakuna shida,” akasema. “Mama yangu angepata ndege akiwa na mimba yangu. Ni mimi yule yule, na mama ni yule yule, tumebadilisha uwanja wa ndege tu.” Nafikiri angepata maksi nzuri kule Princeton. Na angalieni alichofanya: katika ndoto yake ya Norway alimbeba mama yake.

Sasa watu wa mashirika. Wakati fulani walikuja wageni kuhoji vijana ambao hawamo kwenye mradi wetu, ili wajue mradi umeleta nini. Niliwaelewa. Ukitaka kujua mradi umefanya kazi, hutazami tu walio ndani, unajiuliza walio ndani wangekuwaje bila mradi, na kwa kuwa huwezi kuwaona mara mbili unatafuta wanaofanana nao. Hesabu ni nzuri. Lakini hakuna aliyewaeleza wale vijana, nao walijibu maswali saa nzima wakidhani wanaandikishwa. Baadaye mmoja aliniuliza: “Kwa hiyo sisi ndio kama yenu?” Nilicheka, ila nawaomba mnaosoma hapa: kabla ya kumfanya mtu kuwa kama, mwambieni.

Na iko kama moja ambayo sisi wote tumeijibu mbele ya afisa. Ukirudi kwenu leo, nini kitakupata? Wengi wetu hujibu kwa kusimulia yaliyopita, maana ndiyo tunayoyajua, na afisa hurudia swali. Nimeona wazee wakikasirika: nimeshamwambia walichoma nyumba, anataka nini tena? Anachotaka ni yanayoweza kutokea. Mkataba wa 1951 unazungumzia hofu yenye msingi, na hofu hutazama mbele. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ulipanua zaidi: unamtambua pia aliyelazimika kuondoka kwa sababu ya uvamizi au vurugu kubwa kwao. Neno moja linasema huenda, lingine linasema ilibidi.

Tena “huenda” hiyo haihitaji kuwa kubwa. Mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Luz Marina Cardoza-Fonseca, mwanamke kutoka Nicaragua. Serikali ilitaka aonyeshe kwamba kudhurika kwake ni jambo linaloelekea zaidi kutokea kuliko kutotokea. Mahakama ikakataa. Ikasema mtu anaweza kuwa na hofu yenye msingi hata kama uwezekano hauzidi nusu, na hata moja kwa kumi yaweza kutosha. Niliposoma hapo nilifurahi kama mtu aliyeongezewa mgao. Mtu akikuonyesha mikate kumi na kusema mmoja una sumu, nani atakula?

Narudi kwa kijana.

Kilichonisaidia hakikutoka kwa wanafalsafa, kilitoka kwa wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky. Mwaka 1982 walichapisha jaribio. Waliwapa watu hadithi ya bwana mmoja aliyekufa katika ajali akitoka kazini, aliyegongwa na kijana aliyekuwa anaendesha lori akiwa amelewa dawa. Toleo moja lilisema siku ile bwana alipita njia ambayo si kawaida yake. Lingine lilisema alitoka kazini mapema kuliko kawaida. Kisha wakawaomba wamalizie: kama tu… Watu wengi walibadilisha kile ambacho hakikuwa cha kawaida. Kama angepita njia yake ya kila siku. Kama angetoka saa yake. Wachache walisema: kama yule kijana asingelewa. Mwenye kosa yupo pale katikati ya barabara na watu wanampita! Lakini hadithi ilipoandikwa kwa kumwelekea yule dereva, kama za watu zilihamia kwake.

Niliisoma mara tatu. Kwa miaka kumi kijana wetu amekuwa akisimulia hadithi yenye mtoto, viatu, na baba. Watu wenye bunduki hawana sura humo, wanaingia mwishoni kama mvua. Na sisi tuliomwambia si kosa lako tulimwacha ndani ya hadithi ile ile, tukaondoa lawama bila kusema iende wapi.

Nilimweleza jaribio lile kama nilivyolieleza hapa. Nikamjibu pia swali lake: ndiyo, huenda sentensi yako ni kweli, na ya fundi wa viatu ni kweli, na ya kadi ya kura huenda ni kweli kuliko yako. Halafu nikamwomba aandike siku ile upya, akianza na mtu mwenye bunduki, tangu alipoamka.

Alikataa wiki mbili. Alisema hataki kumjua mtu huyo. Nikamwambia sikuombi umsamehe, wala umpende, nakuomba umweke ndani ya hadithi kwa sababu alikuwepo. Wiki ya tatu alileta karatasi moja. Mtu aliamka, akanywa chai bila sukari, akapewa amri. Hapo penseli ilikuwa imekatika kwa kukandamizwa. Chini yake ameandika maswali: amri ya nani? Bunduki ilinunuliwa na nani? Kama asingetii, wangemfanya nini? Kwa nini kijiji chetu, wakati hatuna kitu?

Viatu havimo kwenye karatasi ile. Nilivitafuta. Nilimuuliza kama amevisahau, akasema hapana, hajafika huko, bado yuko asubuhi. Kisha akauliza kama maktaba ina kitabu kinachoeleza bunduki zinafikaje Fizi. Niliangalia kwenye sanduku, hakipo. Msomaji mwenye nacho, ofisi yetu mnaijua.