Kompyuta ya Maktaba

Hapa shuleni kwetu, nchini Uganda, kila ugonjwa wa kompyuta huitwa virusi. Basi kompyuta ya maktaba ilipoanza uvivu muhula uliopita, hata ukiiwasha waweza kwenda kunawa uso na kurudi ukaikuta bado haijafunguka, wenzangu wa kidato cha sita walikata shauri kuwa ni virusi, nayo ifutwe yote.

Mimi sikuafiki. Ndani yake mlikuwa na mitihani ya miaka 6 ambayo walimu waliipiga chapa wenyewe, pamoja na orodha ya vitabu vilivyoazimwa, wala hapakuwa na nakala mahali pengine. Nikafungua ukurasa uonyeshao kazi za mashine. Prosesa ilikuwa kama imelala, na kumbukumbu ilikuwa na nafasi tele; lakini diski ilionyesha asilimia 100, na huku haisomi ila kidogo kidogo. Nikatega sikio: tik, tik, kimya, tik.

Diski ya namna hii ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa chembamba huelea juu yake bila kuigusa. (Ile ya kwanza ya IBM, ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, nayo ilibeba herufi milioni 5 tu!) Sehemu ya sahani ikiharibika, kichwa hurudia kuisoma tena na tena, na mashine yote hungoja. Diski yenyewe hujiwekea hesabu ya sehemu hizo mbovu, nayo huitwa SMART. Nilipoisoma nikaona sehemu nyingi zimekwisha kuhamishwa, na nyingine zangoja. Makosa ya waya yalikuwa sifuri. Kwa hiyo waya haukuwa na hatia.

Mwalimu wa maktaba akataka tuanze na programu ya kukagua na kutengeneza diski.

"Samahani, Mwalimu," nikasema, "programu hiyo itaipekua diski nzima, na hii ni mgonjwa. Yaweza kutufia mikononi. Tafadhali tunakili kwanza."

Si jambo jepesi kumpinga mwalimu mbele ya wanafunzi wadogo. Alinyamaza kitambo, kisha akaenda nyumbani kwake akaleta diski yake ya nje.

Tulianza na mitihani, kwa kuwa ni midogo na ndiyo yenye thamani zaidi. Saa tisa umeme ukakatika, na mashine ilipowaka tena ilikataa mara mbili kuiona diski. Mara ya tatu ikaiona. Hata magharibi tulikuwa tumeokoa mitihani yote isipokuwa michache ya jiografia. Orodha ya vitabu haikufunguka kabisa.

Sasa twangoja diski mpya, ile isiyo na sahani za kuzunguka. Vitabu vyaandikwa katika daftari la karatasi, na wale walioazima kabla ya siku ile wanajijua.